Mafao ya marehemu si ng'ombe wa ukoo

Kuanzia Rhotia hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, si rahisi kukosa familia yenye dereva wa watalii, mpishi wa loji au mwalimu. Wote wanakatwa kila mwezi mchango wa hifadhi ya jamii. Wa loji na kampuni za utalii wako NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya mchango huo. Mwalimu na muuguzi wa serikali wako PSSSF, mfuko ulioanza kazi mwaka 2018 baada ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuunganishwa. Wao wanakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15.

Baba akifa, fedha hizo ndizo zinazoleta maneno kwenye kikao cha ukoo.

Mashemeji wengi huzihesabu pamoja na shamba na mifugo. Hapo ndipo mjane anapopotezwa. Kwenye shamba na mifugo, kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinambana kweli kweli. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe, baada ya wajane wawili kulalamika. Mafao ya mfuko yana njia yake. Sheria za mifuko zinawatambua wategemezi, na wa kwanza ni mke au mume na watoto. Shemeji mwenye nguvu zake hana fungu humo kwa sababu tu ni kaka wa marehemu. Kama miezi ya kuchangia haikutosha kuleta pensheni, familia hulipwa mkupuo.

Lakini mfuko hauamini machozi, unaamini karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na, mara nyingi, barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Wengi hudhani lazima msimamizi awe mwanamume aliyepitishwa na ukoo. Mjane anaweza kuomba mwenyewe Mahakama ya Mwanzo, na muhtasari wa kikao cha ukoo, unaodaiwa kila mahali, si sharti la sheria. Na yeyote atakayeteuliwa anapaswa kuwasilisha orodha ya mali mahakamani ndani ya miezi minne. Msimamizi ni mtumishi wa warithi. Wapo wanaosahau hilo siku fedha zinapoingia.

Kikwazo kikubwa kuliko shemeji ni majina. Mzee aliajiriwa kwa jina la ubatizo, kitambulisho cha NIDA kikaandikwa jina la Kiiraqw alilopewa na bibi yake, cheti cha ndoa cha kanisani kikachanganya yote mawili. Herufi moja ikipishana, faili linarudi, na mjane anaanza kutafuta viapo akiwa na nauli ya kukopa.

Ukipanda hadi Endulen au Nainokanoka, mambo yanazidi ugumu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kimila na ya wake wengi, kwa hiyo mke wa tatu wa boma ni mke kamili. Hata wasiofunga ndoa, wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi na watu wakiwajua kama mke na mume, sheria inawachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shida ni kuthibitisha. Wazee walioshuhudia mahari ndio cheti chenyewe, na tangu mwaka 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Shahidi wa Endulen leo anaweza kuwa Tanga.

Kuna na hili la wastaafu waliokuwa tayari wanalipwa: baba amezikwa, kadi yake ya benki bado inatembea. Watoto wanatoa pensheni kila mwezi kana kwamba mzee yuko hai. Uhakiki ukifika, mfuko unazidai fedha hizo. Toeni taarifa mapema, ndipo madai ya mjane yaanze.

Kwa mama ambaye mumewe bado anapanda gari la watalii kila asubuhi: mwombe namba yake ya uanachama na taarifa ya michango. Soma mwezi kwa mwezi. Ukiona mwajiri alikata na hakupeleka, mbaneni sasa, maana shahidi mkuu bado yuko mezani anakula. Kisha sahihisheni majina na sajilini ndoa. Msingoje msiba.