Bomba Linavuja: Ushike Spana au Uite Fundi?

Wapenzi wanaweza kuvumiliana mengi, lakini koki inayodondosha maji usiku kucha ni mtihani mwingine. Mama anataka fundi aitwe. Baba anajibu, "Fundi wa nini na mimi nipo?" Wiki inakatika, ndoo bado iko chini ya sinki, na ndani watu wamenuniana.

Msomaji wangu, tuanze na hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone manne ni kama mililita moja, kwa hiyo unamwaga takriban lita 21, yaani dumu zima kila siku. Pale Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega iliyoanzishwa mwaka 2012, Ziwa Victoria liko jirani kabisa, lakini jirani huyo hakulipii bili.

Sasa nani ashike spana? Mimi kipimo changu ni kimoja: kama unaiona hitilafu kwa macho na unaweza kuyafunga maji, jaribu mwenyewe. Washa iliyolika ndani ya koki, floti ya tangi la choo, kiungo cha nje kinachotoa jasho: hizo ni kazi za nyumbani. Funga koki kuu kwanza, kisha fungua bomba maji yaliyobaki yaishe. Tepu nyeupe izungushe kwenye nyuzi kwa kufuata upande wa kukazia, la sivyo itajifungua unapokaza. Na jamani, spana haina jinsia. Dada, kama mkono wako ni mwepesi kuliko wa shemeji yetu, shika wewe.

Lakini bomba lililozikwa ukutani, mabomba ya PPR yanayounganishwa kwa kuchomwa, chemba iliyoziba au hita ya umeme, hapo mwite fundi. Ukibahatisha ukutani utabomoa vigae, na maji yakikutana na umeme yanaua. Mita nayo usiiguse, piga simu mamlaka ya maji.

Fundi naye ana utaratibu wake. Muulize alijifunzia wapi, VETA au kwa fundi mwenzake, na kazi gani amefanya mtaani ukaione. Patana bei kabla hajafungua begi. Vifaa nunua mwenyewe, risiti tunza. Pesa ya mwisho itoke maji yakishafunguliwa na kiungo kikabaki kikavu. Kama mmepanga, mwambieni mwenye nyumba mapema, na mkikubaliana gharama ikatwe kwenye kodi, iandikwe.

Kinachovunja amani ndani si koki, ni ubishi. Kwa hiyo wekeni sheria yenu: koki ikidondosha, jipeni jioni moja tu. Ikikataa, asubuhi fundi aitwe, na asiwepo wa kumcheka mwenzake.