Nyumba ya Mitarakwa na Risasi ya Ukutani

Mpwa wangu aliolewa bara, na kwa miaka kadhaa sasa yeye na mumewe wanakaa Kapseret, nje ya mji wa Eldoret, upande wa kwendea uwanja wa ndege. Walinunua kiwanja, na ndani ya kiwanja mlikuwa na nyumba kuukuu ya mbao iliyobaki tangu enzi za walowezi. Aliponipigia simu kunitaka niende nikaione kabla haijatengenezwa, nilidhani ananiita kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika juu ya mambo ya kale. Kumbe alikuwa na wasiwasi mwingine.

Nilifika asubuhi, nimejifunika shuka kama mgonjwa, kwani Kapseret iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,100, na sisi watu wa pwani tukipanda huko hujua kwa nini wenyeji hunywa chai kila mara. Mpwa wangu akaja kunibusu mkono, akaniuliza habari za Mombasa, kisha kabla sijakaa akaniambia, "Mjomba, njoo uone fundi anavyofanya, uniambie kama ni sawa."

Nyuma ya nyumba nilimkuta kijana wa Kinandi juu ya ngazi, mkono mmoja ameshika mtungi mdogo wa gesi unaotema moto, mkono wa pili kikwaruzo. Rangi ilikuwa ikivimba kwa moto, ikitoa moshi, kisha akiikwangua ikianguka chini kama magamba ya samaki. Chini ya ngazi pale pale, kuku walikuwa wakidonoa. Hatua chache mbele palikuwa na tuta la sukuma wiki. Na katika mlango wa jikoni alisimama mjukuu wangu, mtoto wa miaka miwili, kidole na kipande cha rangi vyote vimo kinywani.

Nilimwambia fundi ashuke. Alishuka kwa adabu, akanipa mkono. "Mzee," akasema, "hii rangi ni ya wazungu, haitoki bila moto." Nilimuuliza hali yake. Akasema kwamba juma zima tumbo linamsokota na kichwa kinamuuma, na kwamba amekwisha kunywa dawa za malaria bila ya nafuu.

Hapo ndipo moyo uliponiruka, kwa sababu maneno kama hayo niliwahi kuyasikia. Niliyasikia kwetu Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani. Wasomaji watakumbuka kisa hicho: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu, moshi na maji yake yakaingia mtaani, na watoto wakakutwa na risasi katika damu. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi mumo humo, Bi. Phyllis Omido, alisimama kidete baada ya mwanawe kuugua, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufani, hata Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wakati wa kuandika habari zile nilijifunza juu ya risasi zaidi ya nilivyotaka kujua.

Risasi ninayoisema siyo ya bunduki, ingawa jina ni moja. Ni madini laini, mazito, na watengenezaji wa rangi waliyapenda kwa muda mrefu kwa sababu nzuri: unga wake mweupe huipa rangi uzito wa kufunika ubao, huifanya istahimili jua na mvua, na chumvi zake nyingine huharakisha rangi ya mafuta kukauka. Rangi ya manjano na nyekundu nayo ilipata ukali wake humo. Basi nyumba iliyopakwa rangi ya mafuta zamani, tabaka juu ya tabaka, na ichukuliwe kuwa ina risasi mpaka ipimwe. Ubaya ni kwamba vigamba vyake vina utamu kidogo, na mtoto akivionja huvirudia.

Mtu mzima akimeza risasi, sehemu kubwa hupita ikatoka. Mtoto huinyonya mara nne au tano zaidi. Ikishaingia hujifanya ndugu ya chokaa ya mwili, ikakaa katika mifupa kwa miaka mingi. Na mwanamke aliyeimeza utotoni, akichukua mimba, mifupa humrudishia na kumpa mtoto tumboni. Huharibu akili kabla haijachanua: mtoto huwa mzito wa kusoma, mkali bila sababu, mpungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama.

Na dunia haikukosa kuonywa. Mwaka 1921, huko Geneva, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kukataza rangi ya risasi nyeupe ndani ya majumba. Ndani, nasema. Kuta za nje ziliachwa, na nyumba ya mpwa wangu ilikuwa na rangi nyingi zaidi huko huko nje. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Kwetu Kenya kikomo kilichowekwa ni sehemu 90 kwa kila milioni, lakini kimekuja nyuma sana, na makopo yaliyopimwa nchini mwaka 2012 na 2017 yalikutwa mengine yakiwa yamekivuka mbali. Kwa hiyo hata nyumba mpya haina cheti cha usalama kwa upya wake tu.

Turudi kwenye ngazi. Nilimweleza fundi kwamba moto ndio kosa la kwanza, maana risasi ikipashwa moto mkali huwa moshi, na moshi huo alikuwa akiuvuta yeye. Msasa mkavu ni kosa la pili, kwa kuwa hutoa vumbi jembamba linaloingia hata katika kikombe cha chai. Njia iliyo salama ni ya polepole: kutandika turubali chini, kulowesha ukuta kwa maji, kukwangua ungali mbichi, kufunika pua na mdomo kwa kizuizi cha kazi hiyo wala siyo kitambaa, kukusanya vigamba vyote kabla ya jua kuzama, kisha kuvua nguo za kazi pale pale na kuzifua mbali na za watoto. Watoto na wenye mimba wasiwepo kabisa.

Alinisikiliza. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: "Na kama hatukwangui kabisa, mzee?"

Hapo tulikaa kitako sote watatu juu ya gogo, na mpwa wangu akaleta chai na mahamri, maana hajasahau kwao. Ilikuwapo rai ya mumewe ya kupigilia waya wa kuku juu ya mbao na kupiga plasta ya simiti, kama wafanyavyo wengi huko, nyumba ionekane ya mawe. Fundi mwenyewe aliipinga. Alisema simiti hupasuka mbao zinaponywea na kuvimba, maji huingia katika nyufa, na ubao uliofungiwa huoza kimya kimya. Ikawapo ya mabati ya rangi. Hiyo ina maana kuliko inavyodharauliwa: ukipigilia vipande vya mbao juu ya ukuta wa zamani, ukaacha nafasi ya kupita hewa, kisha ukafunika kwa mabati, risasi imefungiwa bila kuguswa. Ila shurti iandikwe mahali, ili atakayeyabandua baada ya miaka thelathini ajue alichofichiwa.

Mimi nilikuwa nimeuona ubao mmoja uliong'oka, nikaugeuza. Ndani haukupakwa kitu, na ulikuwa mzima, mwekundu, unanukia. Mtarakwa! Makaburu waliofika nyanda hizo mwaka 1908, waliokuja kwa meli hadi Mombasa yetu, wakapanda gari la moshi hadi Nakuru na mikokoteni ya ng'ombe kutoka hapo, waliikuta misitu yake wakajengea. Mji wenyewe ulianza kwa jina la shamba namba 64, ambalo wenyeji walilitamka Sisibo, hata ulipopewa jina la Eldoret mwaka 1912. Mtarakwa hauliwi upesi na mchwa wala hauozi kwa mvua. Ndio maana nguzo za ua hukatwa humo. Mti wa namna hiyo hauhitaji rangi. Nilikumbuka majahazi ya kwetu, mbao zake zikipakwa sifa ya papa juu na deheni chini, na nyumba za Lamu zikipakwa chokaa ya matumbawe: hakuna risasi hapo, na vimekaa.

Na mtarakwa ndio ubao uliokuwa ukisafirishwa kwa kutengenezea penseli, ile tuliyoiita chuoni kalamu ya risasi. Kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Nyumba isiyoitwa hivyo ndiyo iliyojaa.

Tulikubaliana basi: mbao nzuri zigeuzwe, uso mbichi uwe nje, upakwe mafuta ya kitani, uso wenye rangi uloweshwe, ukwanguliwe na kuzibwa ukuta wa ndani usiguswe na mkono. Upande wa mvua, ambako mbao zimechoka, ufunikwe mabati. Udongo wa chini ya upenu uondolewe kina cha kiganja, mwingine uletwe, na tuta la sukuma wiki lihamishwe. Mayai ya kuku wale yasiliwe.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote, na sikulitarajia. Rundo la mbao mbovu zenye rangi lilikuwa limekwisha kuahidiwa. Mume wa mpwa wangu, mtu mkarimu, alikuwa ameniadhimia kuzipeleka madrasa moja ya mjini zikapikie uji wa watoto, iwe sadaka. Alipouliza kwa nini nakataa nilimwambia kwamba sheria yetu imeweka kuondoa madhara mbele ya kuleta manufaa, na kwamba moshi wa mbao zile, na majivu yake, vitaingia kwa watoto wa watu kama vilivyotaka kuingia kwa mwanawe. Alinyamaza muda. Alikuwa amekwisha kumwambia mwalimu, na aibu ya kurudi nyuma katika sadaka si ndogo. Mwishowe alinunua kuni za mkaratusi, mzigo wa pikipiki mbili, akazipeleka badala yake.

Mtoto tulimpeleka hospitali akatolewa damu. Majibu yalichukua siku kadhaa, nami nilikuwa nimekwisha kurudi Mombasa yalipofika: yamepita mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Daktari alisema ale vizuri, chuma na maziwa, atoke katika nyumba ile, arudiwe kupimwa baada ya miezi mitatu. Sasa yuko kwa nyanyake hapa Kisauni. Fundi naye alikwenda kupimwa, yake hayajarudi.

Rundo la mbao liko bado Kapseret nyuma ya nyumba, limefunikwa turubali na kuwekewa mawe juu. Halmashauri haijawaambia pa kulipeleka. Mpwa wangu ananiambia kila apitaye njiani husimama, hubisha hodi, na kuuliza bei.