Kiatu Sahanini: Filamu ya Kale na Kicheko cha Mgonjwa

Mji wa Mbeya ni mtoto wa dhahabu. Katika miaka ya 1920, habari za dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ziliwavuta watu wa kila namna kupanda milima, na mji ukakua kwa ajili yao. Katika muongo huohuo, mwaka 1925, Charlie Chaplin alitoa filamu yake The Gold Rush, kisa cha mchimbaji fukara anayetafuta dhahabu katika theluji ya Klondike, kaskazini mwa Amerika. Filamu hiyo ilitolewa bila sauti ya mazungumzo. Hata hivyo, aliyewahi kuionja baridi ya Mufindi mwezi Juni huielewa bila mkalimani.

Njaa inapombana yeye na mwenzake Big Jim kibandani, mchimbaji huyo anachemsha kiatu chake na kukipakua kwa adabu ya mpishi wa karamu. Kamba za kiatu anazizungusha kwenye uma kama tambi. Misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Njaa inapozidi, Big Jim anamwona mwenzake kuwa kuku mkubwa na kumkimbiza. Mtazamaji anacheka, kisha anatambua kwamba kilichomchekesha ni njaa.

Chaplin aliyajua hayo. Alizaliwa mwaka 1889, akakulia London katika ufukara. Akiwa na umri wa miaka 7 alipelekwa katika nyumba ya maskini, na baadaye mama yake alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndiyo maana kicheko chake hakimdharau aliyeanguka.

Kicheko cha namna hiyo si kigeni Nyanda za Juu Kusini. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Mtani huingia msibani, akatania hata jeneza, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hakuna asemaye kwamba ameudharau msiba, amewasaidia kuubeba.

Mzigo wa kubeba upo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalizidi asilimia 11 mkoani Iringa na asilimia 9 mkoani Mbeya, ilhali kiwango cha Taifa kilikuwa karibu asilimia 5. Wengi katika mikoa hii humeza dawa kila siku kwa maisha yao yote, na unyanyapaa pamoja na kukata tamaa ni miongoni mwa mambo yanayowafanya baadhi yao waziache. Filamu haipunguzi virusi, wala haichukui nafasi ya dawa au ya ushauri nasaha. Inachoweza kufanya ni kumkalisha mgonjwa pamoja na wenzake kwa muda wa saa moja na nusu, akiwa mtazamaji kama watazamaji wengine.

Kwa wodi au kliniki inayotaka kujaribu, filamu ya vitendo ina faida: bibi anayezungumza Kisafwa, kijana wa Kihehe na mgonjwa asiyesikia hucheka kwa wakati mmoja. Tahadhari ni chache lakini za lazima. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni aubane mto juu ya kidonda anapocheka, au asubiri apone kwanza. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, kwa kuwa kicheko kikubwa huweza kuamsha kikohozi. Madirisha yaachwe wazi hata kama kuna baridi, kwa sababu kifua kikuu huenea kwa urahisi katika chumba kilichofungwa. Na asiyetaka kucheka siku hiyo asilazimishwe.

Mwishoni mwa filamu, mchimbaji amekwisha kuwa tajiri, lakini yumo melini akiwa amevaa matambara yake ya zamani ili apigwe picha. Georgia, mwanamke anayempenda, anadhani amepanda bila tiketi na atakamatwa. Bila kujua habari za utajiri wake, anajitolea kumlipia nauli. Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa mwenye viatu vilivyochanika ana la kujifunza hapo: Georgia hakuuliza kwanza mtu huyo ana nini mfukoni.