Kusafisha Kibanja Wakati wa Kiangazi

Katika nchi za Ulaya mtunza bustani husafisha vitalu vyake kabla ya majira ya baridi, kwa kuwa sakitu itaiua mimea iliyo laini. Bukoba na Muleba, zilizo karibu na Ikweta, hazina sakitu. Hapa kinachougawa mwaka ni mvua. Masika yakiisha, kiangazi huanza mwezi Juni na kuendelea hadi Agosti, na ndipo kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba ya Mhaya, hufanyiwa usafi kabla maharage hayajapandwa.

Usafi huo si kufagia. Udongo wa asili wa sehemu hizo ni hafifu, kwani mvua nyingi za kandokando ya Ziwa Viktoria huzichukua chumvi za rutuba na kuzipeleka chini sana. Udongo mweusi wa kibanja umetengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya, ile mbuga iliyo nje ya vijiji. Mkungu unaouzwa mjini huondoka na potasi nyingi. Majani na magogo yanayobaki yana sehemu kubwa ya akiba iliyosalia. Mwenye kuyachoma ili shamba lipendeze huipoteza nitrojeni hewani, na huiacha ardhi wazi mbele ya jua na mvua.

Hata hivyo, si kila taka ifaayo kuachwa kama ilivyo. Gogo la mgomba uliokwisha kuvunwa hubaki na unyevu kwa muda mrefu, nalo ni makazi ya fukusi wa migomba. Mdudu huyu mweusi ni nadra kuruka. Hutembea usiku na kutaga mayai chini ya mgomba, kisha mabuu hutoboa tunguu mpaka mgomba huanguka kwa upepo. Kwa hiyo gogo hukatwa usawa wa ardhi, hupasuliwa kwa urefu na kutandazwa likauke, na matandazo huwekwa mbali kidogo na shina. Wanafunzi waweza kumchunguza kwa urahisi: kipande cha gogo kilichopasuliwa kikilazwa kifudifudi karibu na shina, baada ya siku tatu hivi fukusi, wakiwapo, wataonekana chini yake.

Lakini adui mkubwa zaidi huweza kuletwa na kazi yenyewe ya usafi. Mnyauko wa migomba husababishwa na bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Ulielezwa kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, katika mmea wa enseti ulio ndugu wa mgomba. Ukagunduliwa Uganda mwaka 2001, na Muleba mwaka 2006. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kahawia, na gogo likikatwa hutoa usaha wa manjano. Usaha huo hushika katika panga, na panga lililopogoa mgomba mgonjwa huambukiza mzima unaofuata. Jirani mkarimu anayeazima kisu chake hueneza ugonjwa pasipo kujua.

Kwa sababu hiyo panga hupitishwa motoni hadi lipate moto sana, au huoshwa kwa jiki, kabla ya kuhamia shina jingine. Wadudu nao huchukua bakteria kutoka katika ua dume. Basi ua hilo huvunjwa kwa mti wenye panda, si kwa kisu, mara tu kichana cha mwisho kitokezapo. Zamani wakulima walishauriwa kung'oa shina lote lililougua pamoja na machipukizi yake, kazi nzito iliyowakatisha wengi tamaa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa bakteria haenei kila mara katika machipukizi yote. Siku hizi hukatwa mgomba ulio mgonjwa tu, usawa wa ardhi, na shina hukaguliwa mara kwa mara ili kila unaoonyesha dalili ukatwe vivyo hivyo.