Mkono Mmoja Mnene, wa Pili Mwembamba

Huko Baraka, kwenye ghuba ya Burton, mvuvi aliyezoea kupiga kafi upande mmoja tu aweza kuona bega moja limejaa na la pili limelegea. Vijana wainuao vyuma nao hupatwa na hali hiyo: wakishika mtaimbo kwa mikono miwili, mkono wenye nguvu hujitwalia kazi, nao mnyonge husindikiza.

Kijana wetu, twakushauri hivi. Weka mtaimbo kando, utwae ndoo ya mchanga, uiinue kwa mkono mmoja mmoja. Anza na ulio dhaifu. Ukichoka baada ya mara 8, wenye nguvu nao uinue mara 8 tu, ingawa waweza 15. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana kiburi cha mkono ni kigumu kuzuia! Kisha pumzika siku 2, kwani misuli hujengeka wakati wa kupumzika, ukipata samaki na maharagwe. Tazamia miezi, si majuma. Tofauti ndogo isikutie wasiwasi. Hakuna aliye sawasawa kabisa pande zote.

Na mvuvi? Abadilishe upande wa kupigia kafi. Lakini mkono ukikonda kwa haraka, ukafa ganzi au ukakosa nguvu, hayo si ya mazoezi: aende kwa daktari bila kukawia.