Si Jini, ni Kukesha

Mama mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, alimleta kwangu mwanawe wa miaka 15 akidhani amepandwa na jini: usiku halali, darasani husinzia, akiitwa hufoka. Nilipomhoji kwa upole, kijana alikiri kwamba hukesha kwenye kompyuta ya kaka yake akicheza Grand Theft Auto V.

Mchezo huo, uliotolewa mwaka 2013, umeundwa mithili ya filamu: mchezaji huiba magari, huvamia benki na kukimbizwa na polisi katika jiji lililoigwa kutoka Los Angeles. Barani Ulaya umewekewa kikomo cha umri wa miaka 18. Kazi moja ikikamilika, nyingine hujitokeza. Mwili husisimka, usingizi huchelewa.

Hata hivyo, kupenda mchezo si maradhi. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, linataja dalili tatu za uraibu wa michezo ya video: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Kwa kawaida, hali hiyo huwa imedumu angalau miezi 12.

Mhudumu wa afya, uliza saa za kulala kabla ya kuandika dawa. Mzazi, usimchape mtoto; kubalianeni muda, na kompyuta ihamishiwe sebuleni.

Kijana wetu alikuwa amekesha miezi miwili. Hakuhitaji dawa wala kupungwa, alihitaji kulala.