Eksirei Safi, Mguu Mbovu (Sehemu ya Pili): Kano ya Kisigino kwenye Ultrasaundi

Wiki iliyopita tuliishia pale mgonjwa anapokabidhiwa eksirei yake na kuambiwa mfupa ni mzima. Wengi humshukuru Mungu, hununua dawa ya kuchua na kurudi nyumbani. Aliyoambiwa ni kweli, ila yanahusu mfupa tu. Misuli, kano zinazoishikiza misuli kwenye mfupa, na ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, zote hupitwa na mionzi karibu bila kuacha alama. Mtu anaweza kuwa na kano iliyokatika kabisa na picha yake ikawa safi.

Ultrasaundi, ambayo kwa wengi wetu ni kipimo cha wajawazito, huziona. Mashine yaweza kuwa ile ile; kinachobadilishwa ni kichwa anachoshika mpimaji. Ndani yake mna fuwele zenye tabia waliyoigundua ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880: zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme hutikisika. Mtikisiko huo ni sauti tusiyoisikia. Sikio letu hukomea kwenye mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Kichwa cha kupimia mimba hutumia milioni 2 hadi 5, na cha kupimia kano milioni 7 hadi 15, pengine zaidi. Mitikisiko ikiwa mingi, hata vitu vidogo huonekana, lakini sauti haifiki mbali. Heri yetu, kano nyingi zinazoumia zimelala chini tu ya ngozi. Sauti hupita mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, hugonga tabaka moja baada ya jingine, na mashine huchora picha kwa kupima muda ambao mwangwi umetumia kurudi. Ile jeli ya baridi ni ya kuondoa hewa, maana hewa huirudisha sauti kabla haijaingia.

Machi 2010, David Beckham alikuwa akiichezea AC Milan dhidi ya Chievo. Bila kuguswa na mtu, kano ya kisigino chake cha kushoto ikakatika, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita. Kano hiyo, iitwayo ya Achilles, ndiyo nene kuliko zote mwilini, nayo hukatika mara nyingi sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, mahali ambapo damu hufika kwa uhaba. Si jeraha la mastaa peke yao. Linawapenda sana wanaume wa miaka thelathini na arobaini na kitu, wale wa bonanza la maveterani, ambao wiki nzima wamekaa ofisini. Masimulizi yao hufanana: alisikia mlio, akageuka kumtafuta aliyempiga teke, nyuma hakuna mtu.

La ajabu, mtu huyu bado hutembea, japo kwa kuchechemea, na hata kuushusha unyayo, kwa msaada wa misuli midogo ya ndani. Ndiyo maana huambiwa ameteguka enka akapewa bandeji. Daktari makini humlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, akakiminya kigimbi. Unyayo usipocheza, kano imekatika. Kipimo hicho hakigharimu hata senti, na mara nyingi kinatosha kutambua tatizo. Ultrasaundi hujibu maswali yanayofuata: imekatika yote au sehemu? Wapi? Ncha zimeachana kiasi gani?

Kano nzima huonekana kwenye kioo kama kamba ya katani iliyovutwa: nyuzi nyeupe, nyembamba, zimelala sambamba, unene wake milimita 4 hadi 6 hivi. Iliyokatika, nyuzi hufika mahali zikakoma, na pengo likajaa weusi wa damu. Hapo mpimaji huushika unyayo, akaupandisha na kuushusha huku macho yako kwenye kioo. Ncha zikikutana unyayo ukielekea chini, wapo madaktari watakaoona plasta au kiatu maalumu kinatosha bila kisu. Zikibaki mbalimbali, mazungumzo ya upasuaji huanza. MRI, pamoja na ubora wake wote, kwa kawaida humtaka mgonjwa atulie tuli. Kwangu mimi hii ndiyo hoja kubwa ya ultrasaundi, kuliko hata unafuu wa bei: inaitazama kano ikiwa kazini.

Ila inategemea mno mkono. Sauti ikizigonga nyuzi kwa mshazari, mwangwi huenda kando, na kano nzima hutokea nyeusi kana kwamba imechanika. Mjuzi hukigeuza kichwa digrii chache kabla hajaandika neno, kisha huupima na mguu wa pili alinganishe. Upo mtego mwingine: pembeni hupita kano nyembamba ya plantarisi, ambayo hubaki nzima wakati ile kubwa imekatika, na asiyeijua huandika "imechanika nusu". Mpimaji hodari wa mimba si lazima awe hodari wa kano; si vibaya mgonjwa kuuliza.

Kigimbi kilichovimba nacho kina hadithi yake. Mwaka 1972 McDonald na Leopold walionyesha kuwa ultrasaundi inaweza kutenganisha uvimbe wa majimaji ya nyuma ya goti na ugonjwa wa mishipa ya damu yenye donge, mambo mawili yanayofanana kwa macho. Siku hizi mpimaji huukandamiza mshipa kwa kile kichwa: mzima hubonyea, wenye donge hukataa. Kigimbi cha namna hiyo kisichuliwe kabla ya kupimwa, kwa kuwa donge likitoka huweza kwenda kwenye mapafu.

Mfupa ndio ukuta wa sauti. Ultrasaundi huweza kuonyesha ufa juu ya mfupa, lakini yaliyo ndani au nyuma yake haiyaoni. Mchezaji aliyezungusha goti likavimba ndani ya saa chache huenda amekata ligamenti ya katikati, iliyojificha kati ya mifupa miwili, na hapo MRI haina mbadala mzuri. Goti tutalifungua wiki ijayo.